Trekta Hili ni la Mwaka Gani?

(Mada iliyotolewa mbele ya washarika, Gerezani, katika juma la historia wakati wa maandalizi ya kitabu cha Jubilei ya miaka mia moja)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mmeshangaa kuliona katika ratiba, kati ya mada ya shule ya Jumapili na ile ya kwaya za zamani. Nimeombwa nieleze jinsi ya kutambua aina ya kweli na mwaka wa kweli wa trekta la kale. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni picha mlizozileta kwa ajili ya kitabu. Wazee wetu wengi waliohamia Kariakoo na Gerezani walibaki na mashamba Kisarawe, Mkuranga, Kilosa au huko walikotoka, na inaonekana hapakuwa na kitu walichopenda kupigwa nacho picha kuliko trekta. Sababu ya pili ni shauri la familia moja ya usharika huu, ambalo wazee wa kanisa waliombwa kulipatanisha, na ambalo kwa sehemu kubwa lilisimama juu ya mwaka wa trekta. Familia hiyo imeniruhusu kulieleza bila kutaja majina.

Mimi si mwanahistoria. Nimekaa nyuma ya kaunta ya vipuri hapa Gerezani kwa miaka mingi, na yote nitakayosema nimeyapata kwa mikono yenye grisi na kwa kusoma vitabu vya mafundi.

Nianze na picha. Nyuma ya mojawapo pameandikwa kwa wino: “Trekta la karanga, Kongwa, 1947.” Ni picha nzuri. Kijana amekaa kwenye usukani, amevaa kofia, na mbele ya boneti inaonekana wazi nembo ya pembetatu tatu. Nembo hiyo ndiyo inayoniletea shida. Ni nembo ya Massey Ferguson, nayo ilianza kutumika mwaka 1958. Kabla ya hapo hata jina lenyewe halikuwa hilo. Kampuni ya Massey-Harris ya Kanada iliungana na kampuni ya Harry Ferguson mwaka 1953, zikatumia kwanza jina refu la Massey-Harris-Ferguson, na baadaye likafupishwa. Mradi wa karanga wenyewe ulitangazwa kufungwa mwezi Januari 1951. Basi picha hiyo inaweza kabisa kuwa ya Kongwa, na kijana aliyeketi anaweza kabisa kuwa babu wa mtu aliye humu ndani, lakini picha ya 1947 haiwezi kuwa.

Nimejiuliza kwa nini kila trekta la kale katika nchi hii huitwa trekta la karanga. Nadhani ni kwa sababu mradi ule ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ulibaki masikioni mwa watu kama kipimo cha wakati, mithili ya njaa au vita. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza kwa serikali ya Uingereza kilimo kikubwa cha karanga ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Tanganyika mwaka huohuo, na mpango uliofuata ulizungumzia ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine za Kongwa zilishushwa bandarini hapa Dar es Salaam na kupandishwa katika reli ya kati, ile inayopita jirani na Gerezani yetu. Mwisho wake mnaufahamu: pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zilifutwa katika vitabu, na karanga hazikuonekana.

Lakini yafaa kujua ni mashine za namna gani zilizokuja. Kazi ya kwanza ilikuwa kung’oa pori, na pori la Kongwa halikung’olewa kwa trekta dogo la magurudumu ya mpira. Yalitumika matrekta ya minyororo, mengi yakiwa yamenunuliwa katika mabaki ya vita, mengine yakitoka mbali kama Ufilipino, tena yakiwa yamechoka hata kabla hayajashuka melini. Baadaye ikaletwa mashine iliyoitwa Shervick, ambayo kampuni ya Vickers-Armstrongs iliitengeneza kutokana na kifaru cha Sherman. Jina lake ni muungano wa majina hayo mawili. Kwa upande wa matrekta ya magurudumu, liko moja ambalo mradi wa karanga ulikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo kabisa, nalo ni Massey-Harris 744PD, lililoanza kuunganishwa Manchester mwaka 1948. Lilikuwa jekundu lenye rimu za njano, na injini yake ilikuwa Perkins ya dizeli yenye silinda sita. Mwenye picha ya trekta jekundu la zamani lenye boneti ndefu na silinda sita aniletee haraka, kwa maana huenda huyo ndiye anayestahili kuandika neno “karanga” nyuma ya picha yake.

Sasa nije kwenye shauri la familia.

Ndugu wawili, mkubwa na mdogo, walilima Kilosa. Wote wamekwisha kulala. Mdogo alifariki mwaka 1961, mkubwa aliishi miaka mingi baadaye. Waliacha shamba, na chini ya mwembe wa shamba hilo waliacha trekta. Watoto wa mkubwa walisema: “Baba alilinunua mwaka 1964, Massey Ferguson mpya kabisa, nyekundu, tuliiona kwa macho yetu ikiingia nyumbani. Baba mdogo alikuwa ameshafariki.” Watoto wa mdogo walisema: “Baba zetu walilinunua pamoja, jipya, mwaka 1948, kwa fedha za pamba.” Mtu asiyejua atauliza kuna nini cha kugombania katika chuma chenye kutu. Wao walikuwa wanagombania shamba. Pori lile lilifunguliwa kwa trekta hilo. Anayesema trekta lilikuwa la baba yake peke yake anasema pia kwamba ekari zilizolimwa nalo ni za baba yake peke yake. Shangazi yao, aliyebaki peke yake katika kizazi kile, alikuwa hataki tena kuja katika vikao kwa sababu kila upande ulimtaka awe shahidi wake.

Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyesema: “Mbona hatuendi kulisoma trekta lenyewe?” Tukaenda Kilosa watu wanne: mimi, fundi mmoja wa hapa Gerezani, na binamu wawili, mmoja kutoka kila upande. Hawakuzungumza njia nzima.

Kwa kulitazama tu, upande wa mkubwa ulikuwa umeshinda. Trekta lilikuwa jekundu. Lilikuwa na nembo ya pembetatu tatu iliyofungwa kwa skrubu mbili. Injini ilikuwa Perkins ya dizeli yenye silinda tatu. Mtu yeyote wa Kariakoo angesema hii ni Massey Ferguson 35. Tena angekuwa na hoja, kwa kuwa MF 35 zilianza kufungwa injini ya Perkins ya silinda tatu mwishoni mwa 1959, mwaka ambao kampuni hiyo iliinunua Perkins yenyewe. (Kabla ya hapo MF 35 za dizeli zilikuwa na injini ya silinda nne iliyokuwa ngumu kuwaka wakati wa baridi. Kilosa isingelikuwa tatizo, lakini waulizeni watu wa Njombe.)

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini. Rangi, nembo na boneti ni vitu vya mwisho kuaminiwa, kwa sababu ndivyo vitu vya kwanza kubadilishwa. Injini nayo hubadilishwa. Sisi wa Gerezani tunajua hivyo kuliko watu wote, kwa kuwa wanaozibadilisha ni sisi. Mafundi wa mtaa huu hukunja bati la boneti kwa nyundo, hufua madigadi, huchomelea, huondoa injini hapa na kuipachika pale. Katika miaka iliyofuata vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na kipuri kipya hakipatikani, matrekta mengi ya nchi hii yaliendelea kulima kwa sababu ya mikono ya mitaa kama huu. Sioni aibu yoyote katika hilo. Lakini matokeo yake ni kwamba trekta la kale lililofika Gerezani mara tatu linaweza kuwa na sura ya mwaka mmoja, moyo wa mwaka mwingine na mifupa ya mwaka wa tatu. Anayetaka kujua limezaliwa lini hana budi kuangalia mifupa.

Fundi wetu alianza na rangi. Aliinua boneti, akakwangua kwa kisu upande wa ndani, mahali ambapo mpaka rangi wa mara ya pili huwa mvivu kufika. Chini ya wekundu kulikuwa na kijivu. Akakwangua chini ya kiti, kijivu tena. MF 35 za mwanzo zilikuwa na wekundu na kijivu pamoja, kwa hiyo kijivu peke yake hakitoshi. Lakini boneti ya MF 35 ilitoka kiwandani ikiwa nyekundu, na hii ilikuwa kijivu kabla haijawa nyekundu.

Kisha akakaa kitini, akashika mkono wa gia, akahesabu. Gia nne za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, basi. MF 35 ina gia sita za mbele na mbili za nyuma. Halafu akaonesha alama ya S pale mkono wa gia unapopita: katika trekta hilo stata huitwa kwa kusukuma mkono wa gia, si kwa ufunguo. Boksi la gia ni zito, limeungana na mgongo wote wa trekta, na hakuna mtu anayelibadilisha ili kupendezesha. Binamu wa upande wa mkubwa alinyamaza.

Boksi la namna hiyo ni la Ferguson ya awali, ile ya kijivu ambayo wazee waliipenda sana. Harry Ferguson alizaliwa Ireland mwaka 1884, na sifa yake kubwa ni kulifunga jembe kwenye trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa hidroliki, ili jembe na trekta viwe kitu kimoja badala ya kimoja kukokota kingine. Trekta lake la TE20 lilitengenezwa katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry, kuanzia mwishoni mwa 1946 hadi katikati ya 1956, na yalitoka zaidi ya 500,000. Karibu kila trekta dogo mnaloliona leo limerithi mikono ile mitatu.

Ilibaki kusoma kibao. Katika Ferguson kibao cha namba kiko kwenye dashibodi, na hicho kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu tabaka baada ya tabaka. Nawaomba sana, washarika, msikisugue kibao kwa brashi ya waya wala msasa. Namba zimegongwa kwa kina kidogo, na ukisugua mara moja umeifuta historia yako. Tulitumia kitambaa laini na mafuta ya taa, taratibu, karibu saa nzima. Palipobaki hafifu tuliweka karatasi nyembamba juu na kupitisha penseli kwa ubavu, kama watoto wanavyofanya na sarafu. Siku hizi simu pia husaidia, ukimulika tochi kutoka upande badala ya kumulika kutoka mbele. Tukapata herufi TED, kisha namba yenye tarakimu sita iliyoanza na 19.

Herufi hizo zina maana. TE ni trekta la Uingereza. Yale ya mwanzo kabisa, yaliyoandikwa TE tu, yalikuwa na injini ya petroli ya Continental iliyotoka Marekani, kwa kuwa kampuni ya Standard haikuwa bado tayari na injini yake. TEA ni yenye injini ya petroli ya Standard, iliyoanza 1947. TED, iliyoanza 1949, ni ile inayowashwa kwa petroli na ikishapata joto hugeuzwa kutumia mafuta ya trekta, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. TEH ni ya mafuta ya taa hasa. TEF ni ya dizeli, iliyoanza 1951. Binamu wa upande wa mdogo alipoelezwa kwamba TED haikuwapo kabla ya 1949, naye akanyamaza. Basi tukawa wanne wenye kunyamaza.

Namba hutupa mwaka. Ferguson walihesabu kwa mfululizo mmoja, bila kujali herufi. Mwanzo wa 1948 walikuwa wamefika kama 20,900. Mwanzo wa 1949 kama 77,800. Mwanzo wa 1950 kama 116,500. Mwanzo wa 1951 kama 168,000. Mwanzo wa 1952 kama 241,000. Na mwanzo wa 1953 kama 310,000. Trekta lenye namba iliyoanza na 19 katika tarakimu sita limetoka kiwandani mwaka 1951. Tangi nalo lilikubaliana na kibao, kwa maana lilikuwa na vyumba viwili, kidogo cha petroli na kikubwa cha mafuta ya trekta, ingawa injini ya dizeli iliyo chini yake haikuwa na haja ya vyumba viwili.

Fundi hakuridhika na kibao peke yake, na alikuwa na haki. Kibao ni kipande cha bati chenye ribiti nne. Vibao vipya vya Ferguson hutengenezwa hata leo ng’ambo kwa ajili ya watu wanaokarabati matrekta ya kale kwa mapenzi tu. Alitazama vichwa vya ribiti: vilikuwa vya zamani, vimeshikwa na rangi ileile ya tabaka la chini kabisa, na nyuma yake hapakuwa na tundu jingine lililoachwa. Hapo ndipo aliposema, “Kibao ni cha hapahapa.” Namna hii ndiyo ninayowahimiza muifuate: kibao kiseme, boksi la gia liseme, tangi liseme, rangi ya ndani iseme, halafu uone kama mashahidi wanakubaliana. Shahidi mmoja akipingana na wenzake, kama injini ilivyopingana hapa, tafuta sababu ya kupingana kwake kabla ya kumwita mwongo.

Na sababu ilikuwapo. Perkins waliwahi kuuza seti ya kuigeuza Ferguson ya kijivu kuwa ya dizeli, kwa injini yao ya silinda tatu iliyoitwa P3. Tena injini za MF 35 zilizotolewa katika matrekta yaliyopata ajali zimepachikwa katika Ferguson nyingi. Injini ya silinda tatu, basi, haithibitishi lolote juu ya mwaka wa trekta. Inathibitisha tu kwamba mtu aliamua kuachana na petroli.

Tulipomweleza shangazi, alicheka kwa mara ya kwanza katika muda mrefu. Alikumbuka kwamba kaka yake alilipeleka trekta mjini likakaa Gerezani majuma kadhaa, na lilirudi likiwa jekundu, likinguruma sauti nyingine. Watoto walikimbia barabarani kulipokea. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipozaliwa ule mwaka 1964. Watoto hawakudanganya. Waliona kwa macho yao trekta jekundu linalong’aa likiingia nyumbani, na hakuna aliyewaambia kwamba ni lilelile la kijivu.

Lakini kaeni na jambo hili, kwa kuwa watu hulisahau: mwaka wa kutengenezwa si mwaka wa kununuliwa. Tulichokipata Kilosa kilitosha kusema kwamba trekta halikununuliwa 1948, na kwamba halikununuliwa jipya 1964. Hakikutosha kusema nani alilinunua. Trekta la 1951 laweza kununuliwa 1951, laweza pia kununuliwa mtumba miaka kumi baadaye. Chuma hukupa mwisho wa chini tu. Yaliyobaki hutafutwa katika karatasi. Shangazi ndiye aliyekuwa na sanduku. Ndani yake ilikuwamo risiti ya mwaka 1958, ya shamba la mkonge lililokuwa likiuza mashine zake zilizotumika, na juu ya risiti hiyo palikuwa na majina mawili. Walivyogawana shamba si sehemu ya mada yangu, na sikuwapo katika kikao hicho.

Niseme machache juu ya aina nyingine, kwa kuwa si kila familia ina Ferguson.

Wenye picha za Fordson mtazame rangi, ila kwa tahadhari niliyokwisha kuieleza. Fordson Major ya kizamani, E27N, ilitengenezwa Dagenham kuanzia 1945. Iliyofuata, ile yenye injini mpya ya silinda nne, ilianza kuuzwa mwaka 1952. Zote ni za buluu zenye rimu za rangi ya chungwa, na katika picha nyeusi na nyeupe mtu huzichanganya. Fordson Dexta, ambayo ni ndogo, ilianza 1957. Ukiona Dexta katika picha inayosemwa ni ya harusi ya 1953, aidha harusi imekosewa au picha.

Ford zilizotoka kuanzia mwisho wa 1964, yaani 2000, 3000, 4000 na 5000, zina jambo lake. Tarehe imegongwa kwa tarakimu moja ya mwaka, herufi moja ya mwezi, kisha siku. Ukikuta 7C, hiyo ni Machi ya mwaka unaoishia na saba. Je, ni 1967 au 1977? Hapo ndipo wauzaji wengine hufanya trekta kuwa kijana kwa miaka kumi. Lakini Ford 5000 iliacha nafasi kwa aina mpya mwaka 1975, kwa hiyo 5000 yenye 7C ni ya 1967 na hakuna namna nyingine. Pia kwenye chuma chenyewe, katika sehemu zilizomiminwa kalibuni, huonekana tarehe za kumiminwa. Zitazameni kwenye injini, kwenye boksi la gia na kwenye nyumba ya ekseli. Zikitofautiana kwa majuma, hiyo ni kawaida ya kiwanda. Zikitofautiana kwa miaka, hiyo ni kazi ya mtaa kama huu wetu.

Na Massey nyekundu si lazima itoke Uingereza. MF 135, iliyoanza mwishoni mwa 1964, na ndugu zake zimetengenezwa kwa leseni katika nchi nyingi: Millat wa Lahore nchini Pakistani, TAFE wa India, IMT wa Belgrade. Umbo linaweza kuwa la 1965 na trekta likawa limetoka kiwandani miaka ishirini baadaye. Huko umbo halisaidii kitu. Soma kibao tu, na usome nchi kabla ya kusoma namba.

Mtauliza kama haya yana faida kwa asiye na picha wala shauri la urithi. Karibu kila juma huja mtu kutoka mkoani, amepanda basi usiku kucha, ana siku moja tu mjini na mvua zimekaribia. Anasema, “Nipe pistoni za Ferguson.” Ferguson ipi? Ile ya Continental ina pistoni zake. Ya Standard ya mwanzo ina kipenyo cha milimita 80. Kufikia 1951 kipenyo kiliongezwa kuwa milimita 85. Ya dizeli ni habari nyingine kabisa. Akirudi nyumbani na seti isiyo yake, nauli imekwenda, fedha imekwenda, na mvua haimngoji. Ndiyo maana ninawaomba wenye matrekta ya kale waandike kwenye karatasi herufi na namba ya kibao, namba ya injini kama ilivyogongwa kwenye bloku, idadi ya silinda na idadi ya gia, na waiweke karatasi hiyo pamoja na kadi ya ubatizo, mahali ambapo haitapotea. Msafiri asisahau kubeba kipuri chenyewe kilichoharibika.

Kwa kamati ya kitabu nina ombi moja. Pale ambapo mwaka haujathibitishwa, chini ya picha paandikwe “si kabla ya” na mwaka ambao chuma kinaruhusu. Ile picha ya Kongwa iandikwe “si kabla ya 1958”, na jina la aliyeketi kama familia inavyolifahamu. Kuhusu trekta la Kilosa nimependekeza iandikwe hivi: “Ferguson TED20 ya 1951, iliyonunuliwa mtumba 1958, iliyofungwa injini ya Perkins na kupakwa rangi nyekundu Gerezani.” Ni maneno mengi kwa picha moja, na mhariri amelalamika, lakini familia zote mbili zimeyasoma na kuyakubali.

Jumapili baada ya ibada ya pili nitakuwa kwenye meza iliyo karibu na ofisi ya usharika, pamoja na kikuzio na taa. Leteni picha yenyewe, si nakala ya fotokopi, kwa kuwa nakala humeza namba ndogo. Mwenye kibao kilichokwisha kung’oka akilete pia. Anayeleta kipuri akifunge vizuri kwa plastiki, kwa maana mara iliyopita mafuta ya gia yalimwagikia vitabu vya nyimbo.